Kairopraktiki, mgongo na presha: vidonge usiviache kwanza dada

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, lilikuwa refu: "Shikamoo daktari. Nina miaka 46, niko Minnesota mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti ya usiku. Presha niligundulika nayo mwaka juzi, nameza amlodipine 5. Mgongo unaniua, unaanzia kiunoni unashuka paja la kushoto. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa kairoprakta, hawa wanaonyoosha pingili za mgongo na shingo kwa mikono, akanipiga eksirei akasema pingili ya kwanza ya shingo imekaa upande na ndo inabana mishipa inayopandisha presha, tukiirudisha mahali pake hata dawa nitaacha. Baada ya kwenda mara mbili nikapima pale pale kwake nikakuta 128 kwa 82, wakati siku zote nacheza kwenye 150 na kitu. Vidonge nimeacha, leo siku ya nne. Anataka nilipie vipindi 24 kwa mkupuo. Kwa maumivu nameza ibuprofen 800, siku nyingine Aleve juu yake. Je ni kweli shingo inaweza kuleta presha? Na mama yangu yuko Morogoro naye ana presha na mgongo, nimtafutie mtu wa hivyo huko?"

Marahaba dada yangu. Kabla ya mengine yote, nenda kameze kidonge chako cha amlodipine, kimoja tu kama kawaida, usimeze vinne kufidia hizo siku. Alafu urudi tuongee, maana nina maneno mengi na siyo yote mabaya kwa huyo kairoprakta wako.

Hiyo dawa ina tabia moja ambayo imewadanganya watu wengi sana kwenye kliniki yangu. Amlodipine haina haraka ya kutoka mwilini, ukiiacha leo inachukua kama saa 30 mpaka 50 nusu yake tu ndo iondoke, na nusu ya ile iliyobaki nayo inachukua muda huo huo, kwa hiyo siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu unapima unakuta namba nzuri tu, unasema kumbe nimepona, unamsimulia na jirani, alafu presha inaanza kupanda taratibu na wewe wakati huo hupimi tena kwa sababu ulishajiambia umepona. Niliwahi kuletewa baba mmoja na mwanae, mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki, alikuwa ameacha vidonge kama mwezi hivi akinywa kitunguu saumu na ndimu, na kwenye daftari lake siku tano za mwanzo baada ya kuacha presha ilikuwa safi kabisa, kaiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu kwa furaha. Lile daftari sijalisahau. Na kama kuna mwingine anasoma hapa anameza atenolol, propranolol au clonidine, wewe ndo usijaribu kabisa kukata ghafla, hizo presha na mapigo ya moyo vinaweza kurudi kwa kishindo ndani ya siku moja mbili.

Haya, sasa shingo.

Kairopraktiki ilianzia huko huko jirani na wewe, Davenport jimbo la Iowa, mwaka 1895. Bwana mmoja anaitwa Daniel David Palmer alimbonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi kwenye jengo lile lile, ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri, na Palmer akatangaza kwamba usikivu umerudi. Kuanzia hapo akajenga fundisho kwamba magonjwa karibu yote yanatokana na pingili kukaa vibaya na kubana neva, ukizinyoosha mwili unajiponya. Nakupa hii historia ili ujue ulichoambiwa juu ya presha kimetoka wapi, ni fundisho lile la zamani ambalo baadhi yao bado wanalishika, wakati wenzao wengi wa siku hizi wanashughulika na mgongo na shingo tu na wala hawakuahidi kukutolea presha. Wako wa aina mbili, na wewe kwa maelezo yako umeangukia kwa ile ya kwanza.

Pingili ya kwanza ya shingo, ile iliyobeba fuvu, inaitwa atlasi. Wazo kwamba kuirekebisha kunashusha presha halijatoka hewani, siwezi kukudanganya. Mwaka 2007 ulitoka utafiti kutoka Chicago, akiwemo profesa Bakris ambaye kwenye mambo ya presha ni mtu mkubwa kweli, wagonjwa 50 tu, nusu wakarekebishwa atlasi kwa mbinu laini isiyo na kunyonga, nusu wakafanyiwa ya kuigiza. Baada ya wiki 8 waliorekebishwa namba ya juu ilishuka kwa 17 na wale wengine kwa 3. Ni kushuka kukubwa, na ukikuta utafiti huo umebandikwa ukutani kwenye kliniki zao usishangae.

Ila dada, watu 50 kwa wiki 8 ni mwanzo wa kuuliza, siyo jibu. Ikabidi wengine wajaribu. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti mwingine wa watu 51, wiki 6, shingo hiyo hiyo ya juu ila mbinu ni nyingine, tena unaongozwa na watu wa kairopraktiki wenyewe, wakalinganisha na ya kuigiza, na hakukuwa na tofauti ya maana. Na kabla ya yote mawili, mwaka 2002, kulikuwa na utafiti mmoja wa watu 140 ambao nusu walipewa ushauri wa chakula na mtaalamu wa lishe na nusu wakapewa ushauri wa chakula pamoja na kunyooshwa na kairoprakta, na waliokula vizuri bila kunyooshwa walishuka sawa tu na wenzao, kunyooshwa hakukuongeza kitu. Nawaheshimu waliofanya hizi tafiti maana walikuwa na kila sababu ya kutaka majibu yawe mazuri na bado wakaandika walichokiona. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba mpaka leo hamna ushahidi wa kukutosha wewe kuweka ubongo wako na figo zako rehani kwa ajili ya atlasi.

Presha ya mtu wa miaka 46 kwa kawaida inakaa kwenye figo na mishipa ya damu. Figo zinaamua chumvi na maji kiasi gani yabaki, kuta za mishipa zinakakamaa kidogo kidogo kwa miaka, homoni zinaongeza au kupunguza, unene, usingizi, kurithi kwa baba na mama. Huko ndo dawa zinakofanya kazi, amlodipine yako inalegeza kuta za mishipa. Neva zinachangia ndiyo, ukiogopa presha inapanda, lakini hamna swichi moja pale chini ya fuvu inayobanwa.

Utaniuliza sasa ile 128 ilitoka wapi. Na mimi nikuulize zile 150 ulizipimia wapi? Kama ni kazini alfajiri baada ya kukesha, umetoka kumgeuza mzee kitandani, kahawa mkononi, umesimama mkono unaning'inia na mnaongea na mwenzio, hiyo namba ni ya uchovu na kahawa na mkono kukaa vibaya. Na ile 128 umepimwa umelala umetulia, mtu amekukanda mgongo, maumivu yamepungua kwa mara ya kwanza baada ya wiki, na kidonge cha asubuhi bado kilikuwa ndani. Hata ungekandwa na shangazi kwa mafuta ya nazi ingeshuka. Kushuka huko ni kwa kweli kabisa sikatai, ila ni kwa saa ile, na presha inayoua ni ile ya usiku na mchana kwa miaka.

Pima hivi, wiki moja tu, utajua ukweli wako. Mashine iwe ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono, na mkanda wake ukuenee, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unakupa namba kubwa ya uongo. Nenda kwanza haja ndogo. Nusu saa kabla usiguse kahawa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, tulia dakika 5 kimya bila simu, alafu pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, kabla ya dawa ukiamka na tena kabla ya kulala, na kwa sababu wewe unafanya usiku "asubuhi" yako ni muda unaoamka hata kama ni saa kumi jioni. Andika zote mbaya na nzuri. Wastani wa nyumbani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi hiyo ni presha ya juu kwa vipimo vya sehemu nyingi duniani, na hapo Marekani tangu mwaka 2017 wanaanza kuhesabu kwenye 130 kwa 80, ndo maana daktari wako wa huko anaweza kukushikia fimbo kwa namba ambayo huku tungekuambia tuangalie kwanza. Ikigonga 180 kwa 120, kaa upime tena, ikirudia hivyo na kuna kifua kubana, pumzi kukata, kichwa kinapasuka, macho hayaoni vizuri au upande mmoja umelegea, piga 911 usingoje mtu wa kukupeleka.

Sasa nimefika kwenye kitu ambacho nilipokisoma kwenye swali lako nilisimama. Umekiandika mwishoni kama kitu kidogo, ibuprofen 800 na Aleve juu yake. Dada yangu, hapo ndo pa kuangalia kabla ya shingo.

Ibuprofen, Aleve ambayo ndani yake ni naproxen, na huku kwetu diklofenaki ambayo watu wanachomwa sindano kama maji, zote ni ukoo mmoja. Zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, ila kemikali hizo hizo figo zinazitumia kufungua mishipa yake na kutoa chumvi. Ukizizuia figo zinashika chumvi na maji, presha inapanda, miguu inaweza kuvimba. Tena zinavuruga kazi ya dawa kadhaa za presha, hasa losartan, enalapril na zile za kukojoza, na mtu anayemeza losartan na ya kukojoza na diklofenaki kwa pamoja anaweza kuharibu figo ndani ya muda mfupi tu, nimeshaona. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya huko kwenu Marekani iliongeza ukali wa onyo kwenye karatasi za dawa hizi kwamba zinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Na kumeza mbili za ukoo mmoja hakukupi nafuu mara mbili, kunakupa madhara mara mbili na vidonda vya tumbo juu.

Ona mzunguko ulioingia. Mgongo unauma, maumivu yenyewe yanapandisha presha. Unameza vidonge vya maumivu, navyo vinapandisha. Unaenda kupima inasoma 152, unaogopa, huli vizuri hulali vizuri, mgongo unakaza zaidi, unaongeza kidonge. Alafu anatokea mtu anakukanda, maumivu yanapungua, siku mbili tatu hizo unapunguza ibuprofen, presha inashuka, sifa zote anachukua atlasi. Mimi sijakupima, ila kwa wagonjwa wangu hii nimeiona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mtu akija na presha iliyogoma swali langu la pili baada ya jina ni unatumia nini kwa maumivu, na mara nyingi anasema hamna, mpaka umuulize je hata zile za kiuno, ndo anasema aah hizo zipo.

Paracetamol, hiyo Tylenol yenu, ni afadhali kwa tumbo na figo ila nayo siyo maji. Mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh waliwapa watu 110 wenye presha gramu 4 kwa siku kwa wiki mbili na namba ya juu ikapanda kama 5 hivi. Kumeza siku mbili tatu mgongo ukiwa umekushika vibaya sina neno. Kila siku kwa miezi, hapana. Kuna dawa za kupaka ambazo kidogo sana ndo kinaingia kwenye damu, muulize mfamasia wako, na chupa ya maji ya moto kiunoni dakika 20 ni dawa ya bibi ambayo hata miongozo ya kitaalamu inaitaja.

Na hapa ndo namtetea kairoprakta. Kwa maumivu ya kiuno, mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba tuanze na vitu visivyo dawa, joto, kukandwa, mazoezi, na kunyooshwa pingili nako kumo kwenye orodha. Nafuu yake ni ya wastani, siyo muujiza, ila ipo. Kwa hiyo kama kiuno chako kinapata nafuu kwake na unaacha kumeza 800 kila usiku, mimi nitafurahi kabisa, na inaweza ikaonekana hata kwenye presha kwa njia hiyo ya mzunguko. Endelea na kiuno. Ila shingo mwambie asiiguse, hasa ile ya kukamata kichwa na kuzungusha ghafla mpaka ilie kaa.

Nikueleze kwa nini. Kuna mishipa miwili ya damu inapanda kwenda nyuma ya ubongo, na haipiti nyamani tu, inapita ndani ya vitundu vya pingili za shingo zenyewe, moja baada ya nyingine, alafu ikifika kwenye atlasi inakunja kona kali kabla ya kuingia kwenye fuvu. Ukizungusha shingo kwa nguvu kwa ghafla ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, bonge likasafiri, ukapata kiharusi cha nyuma ya ubongo. Hutokea mara chache, na kuna wanaofika pale mshipa ukiwa umeshaanza kuchanika na maumivu ya shingo ndo yaliyowapeleka, kwa hiyo siyo kila tukio ni kosa la mnyooshaji. Lakini mwaka 2014 chama cha moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba wagonjwa waambiwe hatari hiyo kabla ya kuguswa shingo. Je wewe uliambiwa? Mtu mwenye presha isiyotulia mishipa yake tayari inapigwa kila sekunde kwa nguvu, sioni sababu ya kuijaribu kwa faida ambayo haijathibitishwa. Ikitokea umeshanyooshwa ukapata maumivu ya shingo au kisogo ya aina ambayo hujawahi kuyasikia, kizunguzungu, kuona vitu viwili, ulimi mzito, ganzi usoni, kutembea kama umelewa, au kutapika bila sababu, hata kama ni siku kadhaa baadaye, nenda emajensi na useme wazi "nilinyooshwa shingo", maneno hayo yanamsaidia daktari kujua pa kutafuta.

Hili la shingo nawaambia na walioko nyumbani, maana saluni nyingine za kiume siku hizi ukimaliza kunyolewa kijana anakukanda kanda mabega alafu anakamata kidevu anazungusha, na watu wanalipia kabisa. Ile sauti ya kaa inafurahisha, ila siyo mfupa kurudi mahali pake. Ni nafasi ya gesi inayotokea ghafla kwenye ute wa kiungo pale kinapovutwa, mwaka 2015 watafiti wa Alberta huko Kanada waliitazama ikitokea kwenye vidole kwa MRI. Ukimya hauna maana mfupa umegoma na mlio hauna maana umepona.

Vipindi 24 usilipie. Mwambie kistaarabu kwamba utalipa kila unapokuja, na mkipita wiki tatu nne kiuno hakina tofauti ya wazi, kwa mfano bado huwezi kuinama kufunga viatu, mnaachana kwa amani. Mtaalamu mzuri hatakasirika, atakupima presha mwenyewe kabla hajakugusa, atakuuliza unameza dawa gani, atakufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani ili umhitaji kidogo zaidi, na hatakuambia uache dawa ambayo hakuiandika yeye. Anayekwambia uache dawa za presha huyo muache yeye, wala usione aibu. Na hayo maumivu ya paja la kushoto yanahitaji daktari au mtu wa fiziotherapia akuangalie vizuri, na ikifika mguu unakosa nguvu, ganzi katikati ya mapaja pale unapokalia, au haja inatoka bila wewe kujua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, usiende kunyooshwa.

Kuna kitu kuhusu kazi yako kinaniuma kidogo. Nyie mnaowageuza wazee wa watu usiku kucha migongo yenu inaisha na hakuna anayewaambia kwamba kuna kipimo. Wataalamu wa usalama kazini huko huko Marekani walishapendekeza mtu asinyanyue mgonjwa kwa mikono uzito ukizidi pauni 35, hizo ni kama kilo 16, na hapo ni katika hali nzuri, mgonjwa anayetulia na kukusaidia. Mzee wa kilo 80 unamnyanyua mwenyewe kwa sababu wenzako wako mapumziko na mashine ya kuinulia iko mwisho wa korido. Kaivute ile mashine. Wakilalamika unachelewa walalamike. Vipindi 24 vya kunyooshwa havitashinda shifti tano kwa wiki za kunyanyua hivyo.

Usingizi nao. Ukifanya usiku alafu mchana unalala kwa muda wa saa nne tu kwa sababu una overtaimu jioni, presha haipati ule muda wa kushuka ambao kwa kawaida inaupata mtu akilala. Na kama unakoroma na unaamka umechoka kichwa kizito, mwambie daktari wako akupime kukatika pumzi usingizini, hiyo ni sababu kubwa ya presha sugu na watu hawaitafuti.

Chumvi sitakuhubiria sana ila nikwambie jambo ambalo wengi waliohamia huko hawalijui. Nyumbani chumvi yako ulikuwa unaiona, unaitia kwa mkono kwenye mboga, ugali wenyewe haukuwa na chumvi kabisa. Huko zaidi ya asilimia 70 ya chumvi watu wanayokula imeshatiwa kiwandani au mgahawani kabla haijafika mezani, kwenye mkate, supu ya kopo, soseji, pizza, na zile tambi za paketi mnazotia maji ya moto saa nane usiku, paketi moja inaweza kupita miligramu 1,500 za sodiamu wakati Shirika la Afya Duniani linataka usizidi 2,000 kwa siku nzima, sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kikiwa flati. Beba ugali wako na mboga kwenye kontena. Maharage, mchicha, ndizi, viazi vitamu, vina potasiamu ambayo inasaidia figo kutoa chumvi, isipokuwa kama figo zako zina shida au uko kwenye losartan hapo muulize daktari kwanza. Cubes za mchuzi punguza, zile ni chumvi yenye harufu nzuri.

Na kwa daktari wako rudi, umwambie ukweli wote bila kuona haya, kwamba uliacha siku nne, kwamba unameza ibuprofen na Aleve, umpe na daftari la wiki moja. Amlodipine 5 ni dozi ya kati, ina nafasi ya kupanda au kuongezewa mwenzake, na kama ilikuwa inakuvimbisha miguu ndo maana ulitamani kuiacha, sema, ziko nyingine. Omba na kipimo cha figo kwa ajili ya hizo 800. Wapo watu wanaopunguziwa dawa kweli, wamepungua uzito, wamelala, wamepunguza chumvi, na daftari linaonyesha miezi presha iko chini, daktari akapunguza kidogo kidogo akiangalia. Na wewe unaweza kufika huko, miaka 46 bado sana.

Sasa mama wa Morogoro. Usimtafutie kairoprakta. Huku kwetu ni wachache sana, Afrika tunaowasikia wengi wamesomea Durban au Johannesburg ambako vyuo vikuu vinafundisha, na ukianza kuuliza uliza mitaani utaletewa mtu yeyote anayejua kukunja watu. Mama mwenye umri mkubwa mifupa yake inaweza kuwa imeshakuwa laini, kumnyonga mgongo ni kutafuta kuvunjika. Hospitali ya mkoa ina watu wa fiziotherapia, aende huko, mazoezi mepesi na maji ya moto vinamtosha kuanzia, na mtu wa familia amkumbushe vidonge vyake vya presha kila siku kwa saa ile ile.

Na ukija likizo, najua mabegi yenu yalivyo, kuna lile chupa kubwa la vidonge mia tano vya maumivu ambalo kila mtu wa Marekani analetea wazee kama zawadi, kisha mama anameza viwili asubuhi viwili jioni kwa sababu vimetoka kwa mwanangu Ulaya. Lile liache dukani. Mletee mashine ya kupimia presha, ya mkono wa juu, na kabla hujanunua mpigie simu mtu aliye naye amzungushie futi ya fundi cherehani hapo katikati ya bega na kiwiko akusomee sentimita, ili mkanda umtoshe.